Dau la Mnyonge Katika Maji ya Mbita: Somo la Kafi, Joshi na Methali

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hukariri mapema methali isemayo, "Dau la mnyonge haliendi joshi, na likienda joshi ni Mola kupenda." Darasani huelezwa kwamba mtu asiye na uwezo hafui dafu mbele ya wenye nguvu, na akifanikiwa basi ni kwa rehema ya Mungu tu. Maelezo hayo ni sahihi kwa kadiri yanavyofika. Tatizo ni kwamba hayafiki mbali. Mwanafunzi huyo huyo akiulizwa joshi ni upande gani, na kwa nini dau lisiende huko, aghalabu hunyamaza. Ameijua maana ya ndani kabla ya kuijua maana ya nje, na katika mtihani hilo halimnyimi alama.

Makala hii inanuia kuirejesha methali hiyo, pamoja na semi nyingine chache za majini, mahali zilipozaliwa, yaani ndani ya chombo. Njia iliyochaguliwa ni kufuata hatua za matembezi mafupi ya wanagenzi wanaojifunza kwenda majini kwa kayaki, wakiongozwa na mtu anayeyajua maji, kandokando ya ufuo wa Mbita katika Kaunti ya Homa Bay. Yamkini msomaji atauliza: mbona Mbita na si Lamu? Ni kweli kwamba matembezi ya aina hii yamezoeleka zaidi katika hori za pwani, kama ile ya Kilifi na ile ya Mida huko Watamu. Hata hivyo, neno la majini likipelekwa katika maji lisikozaliwa, ndipo hudhihirika ni sehemu gani ya maana yake inayohusu maji yote na ni sehemu gani inayohusu Bahari ya Hindi peke yake. Aidha, wanafunzi wengi wa Kiswahili nchini Kenya wametoka bara. Wakitaka kuyaonja maji ya methali zao, ziwa li karibu nao kuliko bahari.

Mahali penyewe

Mbita ni mji mdogo ulio penye mlango wa Ghuba ya Winam, upande wa kusini. Nyuma yake imesimama milima ya Gembe. Mbele yake, ng'ambo ya mkondo mwembamba wa maji, kipo kisiwa cha Rusinga, ambako Mary Leakey aligundua fuvu la Proconsul mwaka 1948 na ambako Tom Mboya alizikwa mwaka 1969. Magharibi zaidi kipo Mfangano, kisiwa chenye michoro ya kale miambani, na kusini huonekana milima ya Gwassi. Kivuko huunganisha Mbita na Luanda K'Otieno, upande wa pili wa ghuba. Katika miaka ya 1980 mkondo kati ya Mbita na Rusinga ulizibwa kwa tuta la barabara, na maji ya pande mbili yakakatwa yasionane. Daraja lililojengwa katika miaka ya 2010 liliyafungulia tena, na kwa hiyo mwanagenzi wa leo anapaswa kujua kwamba chini ya daraja maji yana mwendo wake.

Wenyeji huliita ziwa hili Nam Lolwe. Yafaa kutaja kwamba katika Dholuo neno *nam* hutumika kwa ziwa na kwa bahari pia. Kiswahili, kinyume chake, hutenganisha, na utengano huo hutatiza mara moja: mkondo ulio kati ya visiwa viwili huitwa mlangobahari, lakini hapa hakuna bahari. Vivyo hivyo kwa neno pwani. Asili yake ni kitenzi *pwa*, yaani maji kurudi nyuma na kuacha mchanga wazi. Ziwa Viktoria halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho. Kwa hiyo Mbita, tukisema kwa ukali wa etimolojia, haina pwani. Ina ufuo. Makala hii itatumia ufuo, ingawa si kosa la kumfungia mtu jela akisema vinginevyo.

Chombo na jina lake

Kayaki ni chombo chembamba, chepesi, chenye ncha mbili, kilichobuniwa na watu wa nchi za barafu za kaskazini ya dunia kwa kuwinda wanyama wa baharini. Chao kilifunikwa kwa ngozi. Cha siku hizi aghalabu ni cha plastiki. Kwa wanagenzi hupendekezwa kile kilicho wazi juu, ambacho mtu hukalia badala ya kuingia ndani, kwa kuwa kikipinduka hakimfungii mtu miguu. Baadhi ya wapenda lugha wangependa kukibunia jina la Kiswahili. Hakuna haja. Kiswahili kilipokea jahazi, mashua na nahodha kutoka ng'ambo bila kupungukiwa na kitu, na *kayaki* limekaa vyema katika ulimi.

Lililo na haja ya kuangaliwa kwa makini zaidi ni jina la kile anachoshika mkononi.

Kafi si kasia

Katika mazungumzo ya kila siku watu wa bara hukiita kila kijiti cha kuendeshea chombo kasia. Kiswahili cha wavuvi hakikubali. Kasia ni refu, nalo hufungwa ubavuni mwa chombo kwa kishwara, yaani kitanzi cha kamba. Mvutaji hukaa ameelekea tezi, nyuma ya chombo, na kuipa mgongo safari yake. Kafi ni fupi, halifungwi popote, hushikwa kwa mikono miwili mitupu, na mpigaji hukaa ameelekea omo, mbele ya chombo. Kasia huvutwa, kafi hupigwa. Anayevuta makasia haoni aendako bali atokako. Anayepiga kafi huona mbele.

Hii si tofauti ya kujifurahisha nayo wanakamusi tu. Kiongozi akimwambia mwanagenzi "vuta kasia", mwili wake humwitikia kwa kujivuta nyuma kwa mikono, na baada ya nusu saa mabega humuuma na chombo kinatangatanga. Akimwambia "piga kafi", na akamwonyesha, humwelekeza kwenye tendo lenyewe: kulichoma bapa la kafi majini karibu na vidole vya miguu, kuugeuza mwili kuanzia kiunoni, na kulitoa bapa linapofika usawa wa nyonga. Kafi la kayaki lina bapa kila upande, kwa hiyo kulia na kushoto hupokezana. Nguvu hutoka mgongoni na tumboni. Mikono ni kamba tu. Mwanagenzi anayekaa wima, magoti yamekunjwa kidogo na visigino vimekanyaga mahali pake, huweza kwenda kilomita 4 hivi kwa saa pasipo kuchoka upesi.

Neno *kafi* lenyewe lina historia ambayo mwanafunzi wa isimu atafurahi kuijua. Katika Luganda, lugha ya ng'ambo ya ziwa hilihili, chombo hicho huitwa *enkasi*. Sikio la haraka litadhani hilo ni ndugu wa kasia. Sivyo. Sauti *fi* ya Kiswahili mara nyingi hulingana na *si* ya Luganda katika maneno ya asili moja: figo la Kiswahili ni *ensigo* kwa Waganda. Kwa kanuni hiyohiyo kafi ndilo *enkasi*. Ni neno moja la kale la Kibantu, ambalo wazungumzaji wake walikuwa nalo kabla baadhi yao hawajafika baharini. Kiongozi wa Mbita anayesema kafi, kwa hiyo, hakopi kwa Waswahili wa pwani. Analirudisha neno kwenye maji baridi.

Hata maneno ya maji ya chumvi si mageni ziwani. Mnamo Machi 1875 Stanley alianza kulizunguka ziwa hili kutoka Kagehyi, kusini, kwa mashua ya futi 40 iitwayo Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka Bagamoyo. Aliporejea mwezi wa Mei vitabu vya Ulaya vilimsifu yeye. Lakini mashua ile ilikuwa mikononi mwa mabaharia wake, na safari nzima ilifanywa na watu waliokodiwa Unguja na pwani ya bara. Ni vigumu kuamini kwamba waliamrishana kwa Kiingereza. Wakati huohuo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kuwa na jahazi lao kusini ya ziwa. Tezi, omo, tanga na nanga vilitamkwa katika maji haya muda mrefu kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901.

Joshi, demani na saa za Mbita

Sasa turudi kwa mnyonge na dau lake. Joshi ni upande unakotoka upepo. Demani ni upande unakoelekea, ule uliokingwa. Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kuelekea joshi. Hulazimika kukata maji kwa mshazari, mara huku mara huku, na ili kufanya hivyo chahitaji tanga zuri, kamba imara, mabaharia wa kutosha na nahodha mjuzi. Hayo yote ni mali. Mnyonge wa methali si mtu aliyelaaniwa, bali ni mtu mwenye tanga bovu na asiye na wa kumsaidia. Methali imeanza kama taarifa ya kiufundi kuhusu umaskini, na ni taarifa sahihi.

Mwanagenzi wa kayaki ni mnyonge wa aina hiyo. Kwenye maji matulivu anajiona bingwa. Upepo wa mbele ukifika kilomita 20 kwa saa, mwendo wake huweza kupungua hadi nusu au chini ya hapo, na kila akipumzika hurudishwa nyuma. Kuna jambo jingine linalomkanganya zaidi. Kayaki inayokwenda huku upepo unaipiga ubavuni huelekea kugeuza omo yake joshi, kwa sababu maji yaliyo mbele huibana omo ilhali tezi iko huru kusukumwa na upepo. Mwanagenzi hudhani amekosea yeye. Hupiga kafi upande mmoja kwa hasira, huchoka, na haelewi. Dau la mnyonge, basi, hugeukia joshi bila kutaka, na bado haliendi joshi. Dawa yake ni kupiga kafi kwa upana upande wa joshi, likichora nusu duara kutoka omo hadi tezi, au kubadili njia ili upepo usimpige ubavuni.

Kwa hiyo swali la kwanza la kiongozi asubuhi si "Tunakwenda wapi?" bali "Upepo watoka wapi, na utatoka wapi baadaye?" Pwani, jibu la swali hilo huanzia kwenye majira: kusi kwa miezi yake, kaskazi kwa miezi yake. Mbita jibu hutolewa zaidi na saa kuliko mwezi. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hivyo hewa huteremka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, na hewa hugeuka, ikitoka ziwani kwenda nchi kavu. Kwa kuwa Mbita iko mashariki ya ziwa kuu, upepo wa alfajiri aghalabu hutoka mashariki, na ule wa mchana hutoka magharibi. Katikati, tuseme kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, mara nyingi huwa na utulivu, maji yakawa kama kioo na yangeyange wakaonekana mara mbili.

Mabaharia wa pwani wana jina la upepo wa asubuhi utokao mashariki: matlai. Jina hilo lafaa Mbita neno kwa neno, na hapo ndipo hatari yake. Pwani ya Kenya bahari iko mashariki, hivyo matlai humsukuma mtu kuelekea nyumbani. Mbita ziwa kuu liko magharibi. Matlai ileile humsukuma mwanagenzi kutoka ufuoni kuelekea maji mapana, tena kwa upole, akiwa na furaha kwamba leo kafi ni jepesi. Wepesi huo ndio wa kuogopwa. Akigeuka kurudi ndipo hugundua kuwa nyumbani kumekuwa joshi.

Kanuni ya waongozaji wa kayaki kila mahali ni kuanza safari kwa kuelekea joshi na kurudi kwa kubebwa na upepo, ili kazi ngumu ifanywe mapema, nguvu zikiwepo. Kwa Mbita maana yake ni hii: kama matlai bado yavuma, kundi huelekea mashariki kwanza, likifuata ufuo wa ghuba, mita chache tu kutoka nchi kavu, kama imetulia, laweza kwenda kulizunguka rasi moja au mbili kandokando ya Rusinga na kurejea kabla ya saa tano. Upepo wa magharibi ukitangulia, kisiwa cha Rusinga hugeuka kuwa ngao. Upande wake wa ghuba ni demani, na mawimbi ya ziwa kuu hayafiki huko kwa nguvu zake zote. Mwanafunzi aliyewahi kujificha nyuma ya kisiwa namna hiyo hahitaji tena kufafanuliwa demani ni nini.

Alama ya kurudi ni rahisi: povu jeupe likianza kuonekana juu ya mawimbi huko mbali, wanagenzi huelekezwa ufuoni, hata kama kwao pangali shwari. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yamesongamana, hayana ule mwinuko mrefu wa bahari kuu unaompa mtu nafasi ya kupumua.

Uzito wa jambo hili usipuuzwe kwa sababu maji ni mazuri. Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na ingawa sehemu ya Kenya ni takriban asilimia 6 tu, upepo hautambui mpaka. Makadirio yanayorudiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutaja watu kati ya 3,000 na 5,000 wanaofariki ziwani kila mwaka, wengi wao wavuvi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Communications ulionyesha kwamba dhoruba kali za radi zinazozuka ziwani usiku zinatarajiwa kuongezeka kadiri dunia inavyozidi kupata joto. Matembezi ya wanagenzi, basi, hayafanywi gizani, na kiongozi husoma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kuamka mgeni yeyote. Pia huwaarifu wasimamizi wa ufuo, waitwao BMU kwa kifupi, njia atakayopita na saa ya kurejea. Kisha huwauliza wavuvi wa omena wanaorudi na taa zao. Wao walikuwa huko usiku kucha.

Wavuvi hao watupa mfano mwingine wa maana inayobadilika. Pwani mvuvi huuangalia mwezi ili ajue bamvua na maji mafu. Mbita mvuvi wa omena pia huuangalia mwezi, lakini kwa sababu nyingine kabisa: omena hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu. Siku zake ni siku za giza. Utungo wa pwani unaoufananisha mwezi na mavuno haungefasiriwa vilevile hapa. Kuhusu kujaa, ziwa nalo hujaa, ila kwa miaka: kati ya 1961 na 1964 kina chake kiliongezeka kwa zaidi ya mita mbili, na mwaka 2020 na tena 2024 maji yalipanda yakaingia mashamba na majumba ya ufuoni. Ramani ya ufuo ya zamani si ya kuaminiwa. Palipokuwa na mchanga huenda pana miti iliyokufa imesimama majini, na kisiki kilichozama hakionekani mpaka kikwaruze mkuku.

Mrama

Kamusi na walimu husema kwamba kwenda mrama ni kuharibika kwa mambo. Majini, kwenda mrama ni chombo kuyumba ubavu kwa ubavu. Tofauti ni kubwa. Kila kayaki huenda mrama. Ndivyo ilivyoundwa, na chombo kinachoyumba bado kinaelea. Kinachokipindua mara nyingi ni mwanagenzi mwenyewe anapokakamaa, akainua kafi juu na kushika ukingo kwa mkono mmoja. Anayeiacha nyonga yake ilegee, kichwa kikabaki juu ya kiuno na bapa la kafi likabaki majini, hupitisha wimbi chini yake bila tukio. Kiongozi mzuri huwaambia wanagenzi wayumbishe vyombo vyao makusudi, katika maji ya kufika kifuani, mpaka hofu iishe.

Methali "Manahodha wengi chombo huenda mrama" nayo hupata mwili hapa. Viongozi wawili wakipaza sauti, mmoja "Kulia!" na mwingine "Simama!", mwanagenzi hugeuza shingo kumtazama huyu, kisha yule. Shingo huvuta bega, bega huvuta kiuno, na chombo huyumba. Ndiyo maana katika kundi lililopangwa vyema hutoa amri mtu mmoja tu, aliye mbele. Wa nyuma kazi yake ni kuhesabu vichwa na kupuliza firimbi. Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye mzito kuliko wote.

Kupinduka kwenyewe hufundishwa kabla ya safari. Jaketi la kuokolea huvaliwa na kufungwa ufuoni, si kuwekwa miguuni "kwa dharura". Aliyeanguka hushika kayaki yake na kafi lake, haogelei peke yake kuelekea nchi kavu hata ikiwa inaonekana karibu. Kiongozi hukishikilia chombo kwa kukilaza sambamba na chake. Aliye majini hupiga miguu mpaka mwili uelee, hujivuta kwa tumbo mpaka alale kukikingama, kisha hugeuka akakaa. Watu wengi huweza jambo hili mara ya pili au ya tatu.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mbita methali hii yataka sharti la pili, kwa kuwa ufuo wake una kichocho. Minyoo yake hutoka katika konokono wanaoishi penye majani na maji yaliyosimama, na hutoka kwa wingi zaidi jua linapopanda. Kwa hiyo mazoezi ya kuanguka hufanywa mapema, mahali pasipo matete, mwili hukaushwa mara mtu atokapo, na baadaye mtu hupimwa. Dawa ipo na inafanya kazi. Matete huepukwa kwa sababu nyingine pia: viboko. Kiboko hupitiwa mbali, asikatiwe njia yake ya kwenda vilindini.

Ngamani na kurejea

Imesalia ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo ambako maji yaliyoingia hukusanyika. "Tezi na omo, marejeo ni ngamani," walisema, na darasani huelezwa kuwa mtu hatimaye hurudi kwao. Aliyekaa ndani ya chombo kinachovuja ataisikia methali hii kwa ukali zaidi: maji yakiingia mbele au nyuma, yote humjia yeye aliyekaa katikati. Kayaki ya wazi ina matundu ya kuyatoa; mtumbwi hauna, na huko mtu hufua maji kwa upo, chombo kidogo cha kutekea. Mwanafunzi wa bara anayesikia "fua maji" kwa mara ya kwanza hutafuta sabuni.

Kundi linaporejea hukaa mbali kidogo na ufuo, omo zimeelekea nchi kavu, na wanagenzi huingia mmoja mmoja ili vyombo visigongane wala visipite juu ya nyavu za watu zilizoanikwa au kutegwa. Kiongozi huhesabu tena.

Huenda, pamoja na hadhari zote, upepo wa magharibi ukawahi, na ufuo walikoanzia ukawa joshi. Wageni wenye nguvu watasema wajaribu. Nusu ya pili ya methali, ile isemayo "ni Mola kupenda", ndiyo wanayoitegemea bila kujua. Kiongozi anayeijua kazi yake haiingizi nusu hiyo katika mpango. Huwaelekeza wote demani, kwenye ufuo wowote ulio karibu, wanavuta kayaki mchangani, wanaziacha chini ya uangalizi wa wavuvi wa hapo, na mnyonge hurudi Mbita kwa bodaboda.